Kibao Katikati ya Bwana na Bibi

Jumatatu, 3 Juni

Ukuta umesimama. Fundi seremala amepiga msumari wa mwisho asubuhi hii, na duka moja la kinyozi sasa ni maduka mawili. Kushoto, penye dirisha, ni kwangu. Kulia, penye bomba la maji, ni kwa mdogo wangu. Dirisha nililichagua mimi, kwa akili nyingi. Bomba nimelikumbuka baadaye, nikiwa na povu mikononi.

Sababu ya ugomvi naiandika ili isije ikapotoshwa. Wiki iliyopita mdogo wangu alimwambia mteja wangu, mbele ya watu, kwamba mstari niliomchora kisogoni umeenda kombo. Tumenyoa bega kwa bega tangu Baba atuachie duka hili. Hajawahi kunivunjia heshima namna hiyo. Ni kweli mstari ulikuwa kombo kidogo. Lakini nani ana macho kisogoni? Asingejua kamwe!

Bango la mlangoni lilisomeka KINYOZI KAKA NA MDOGO. Fundi amelikata kwa msumeno. Mimi nimebaki na KINYOZI KAKA. Yeye amebaki na NA MDOGO. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Watu watadhani duka lake limekosa kichwa.

Tangi la samaki ndilo lililotutoa jasho. Lina urefu wa kitanda cha mtoto, limejengewa juu ya saruji katikati ya duka, halihami. Basi ukuta umepita juu yake, na ndani ya maji fundi ametumbukiza kibao cheusi cha plastiki kinacholigawa nusu kwa nusu. Nilidai komeo upande wangu, mdogo wangu asije akakiinua kibao na kuniingilia. Fundi, kwa haki, akaweka komeo upande wa pili pia. Kibao hakiinuki mpaka makomeo yote mawili yawe wazi. Wazo langu. Sioni kasoro yake.

Samaki wenyewe ni wawili, wa mistari myeusi kama pundamilia. Tunawaita Bwana na Bibi. Mimi nimemchukua Bibi kwa sababu ana tumbo la rangi ya chungwa na wateja humpenda. Bwana ni mkubwa lakini hana mvuto. Amefanana na mmiliki wake.

Pigo moja tu. Kikombe cha bati cha Baba, cha kukorogea povu la ndevu, kimekwenda upande wa pili. Tulivuta vijiti, mdogo wangu akavuta kirefu. Kwa kikombe kile Baba alinifundisha kukoroga povu nikiwa sijafikia kimo cha kiti. Nitakipata. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele ndiyo kazi yangu.

Fundi akiondoka amenikumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nikamwambia alime tu. Kapu hatalihitaji.

Jumanne, 4 Juni

Bibi amegoma kula.

Amejibanza kwenye pembe ya chini, pua imegusa kibao cheusi. Mistari imefifia, amekuwa rangi ya maji ya kufulia. Mteja wa kwanza ameuliza kama yu hai. Wa pili amemwangalia, akaniangalia mimi, akaenda NA MDOGO.

Mchana akaja Mwalimu. Huyu mama anafundisha bayolojia chuoni, na katika ujana wake alisomea tabia za samaki. Anakata nywele fupi kabisa, kwetu, miaka mingi. Nilimwuliza tangu jana yuko upande wa nani. Akasema utosi atanyolewa kwangu na kisogo atanyolewa kwa mdogo wangu, ili asilale na lawama ya mtu. Kisogo! Nimelimeza hilo.

Alipomwona Bibi aliinama kwenye kioo muda mrefu. Akanieleza kwamba samaki wa aina hii huchaguana, hawaokotani. Jike na dume hujenga pamoja, hulinda mayai pamoja, na akitokea adui mmoja hupigana huku mwingine amebaki na watoto. Ukimtenga jike na dume aliyemchagua mwenyewe, hukata tamaa. Wataalamu wamelipima jambo hilo.

Nilimwambia samaki hana moyo wa mambo hayo. Akasema moyo anao, na mimi nimewatumbua wengi kiasi cha kuujua ulipo. Kuhusu samaki anahisi nini hasa huko ndani, akakiri hakuna aliyewahi kuwa samaki akarudi kusimulia. Lakini dalili zinaonekana kwa macho.

Dalili ninaiona: anakosa mwenzake. Tiba pia nimeiona. Duka la kinyozi lina nini kwa wingi? Vioo!

Jumatano, 5 Juni

Ushindi, halafu si ushindi.

Asubuhi niliegemeza kioo cha mkononi kwenye tangi. Bibi akamwona Bibi mwingine. Mistari ikarudi myeusi tii! Mapezi yakasimama, mashavu yakatanuka, akaanza kucheza mbele ya kioo bila kupumzika. Wateja wakapiga makofi. Nikaandika kwenye kadi SAMAKI MWENYE FURAHA na kuibandika mlangoni.

Mwalimu alipita akielekea chuoni. Akasoma kadi. Akaingia, akaondoa kioo bila kuniomba ruhusa. Kumbe ile haikuwa furaha. Bibi alidhani mgeni amemvamia nyumbani, akawa anapigana naye, na mgeni hachoki wala hakimbii kwa sababu mgeni ni yeye. Mdomo umevimba, maskini. Nimemwomba radhi kwa sauti ya chini nikijifanya napangusa kioo.

Nimebandua kadi.

Jioni, nikifunga, nimekuta furushi kizingitini. Limefungwa kwa gazeti na uzi, kwa lile fundo alilotufundisha Baba la kufungia mataulo. Duniani tumebaki wawili tunaolijua fundo hilo, na mimi sijamfungia mtu kitu.

Sikulifungua. Namjua mdogo wangu. Ama ni nywele alizofagia kwangu siku ya kugawana, ama ni kitu cha kunicheka. Nimelisukumia nyuma ya kapu la mataulo machafu. Likae huko.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa pili: mume mpya.

Muuza samaki wa mapambo aliapa kwamba dume lake kijana ametulia, ana afya, ana mistari kuliko Bwana. Nikamleta kwenye mfuko wa plastiki, nikamtia majini, nikavuta kiti niwaangalie wakizoeana.

Bibi alitoka kwenye pembe yake kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aondoe kioo. Alimfukuza kijana nusu nzima ya tangi. Alimng'ata mkia. Akamkimbiza mpaka nyuma ya pampu ya hewa, kijana akabaki huko akitetemeka, na Bibi akarudi kwenye pembe yake na kugusisha pua kwenye kibao kile kile.

Muuza samaki amekataa kumpokea tena. Kijana yuko nyumbani kwetu, kwenye karai la kufulia. Mke wangu ameuliza atafua wapi. Nikamweleza habari yote, nikitegemea anihurumie. Akasema Bibi amefanya vizuri. Akasema hata yeye, mtu akimletea mume mwingine kwenye mfuko wa plastiki, angemng'ata mkia.

Nimeosha vyombo vyote vya usiku bila kuombwa.

Jumapili, 9 Juni

Kinyozi hajinyoi. Wahenga walisema, na mimi leo nimewajaribu.

Tangu Baba aondoke, kila Jumapili alasiri tukishafunga, nilikuwa namnyoa mdogo wangu, halafu ananinyoa. Hakuna mwingine aliyewahi kunishika kichwa. Kwenda kwa kinyozi mwingine haiwezekani. Watu wataniona nimekaa kwenye kiti cha mtu, nao watauliza, na mimi nitajibu nini?

Basi nikaweka kioo mbele, kioo nyuma, mashine mkononi. Nikasahau kwamba kioo cha nyuma hugeuza kila kitu. Nikivuta kushoto mkono unakwenda kulia. Kuna mtaro sasa kutoka sikio hadi karibu na utosi. Mke wangu amekaa chini kwa kucheka. Alipopata pumzi akasema kuna kinyozi mzuri jirani na duka langu. Nikamwambia simfahamu.

Nimevaa kofia. Jioni nikatoka kununua mkate, na nani nimemwona ng'ambo ya barabara? Mdogo wangu, na kofia! Kumbe! Kwa hiyo naye hana wa kumnyoa!

Nilicheka peke yangu mpaka kona. Halafu nikakumbuka shingo yake. Nywele zimeanza kumwota karibu na kola, nyororo, kama alivyokuwa mtoto. Nimeinyoa shingo ile tangu akiwa analia akiona mkasi, nikimshika sikio kwa vidole viwili ili nisimkate. Amekonda kidogo.

Nimefurahi. Nadhani nimefurahi.

Jumatatu, 10 Juni

Mwalimu amekuja na vifuniko vya chupa.

Mwaka jana aliwafundisha Bwana na Bibi mchezo, awaonyeshe wanafunzi wake. Kifuniko cheupe chini yake kuna chakula. Cheusi hakuna kitu. Samaki hupindua cheupe kwa pua na kukiacha cheusi. Wateja walikuwa wanakuja kunyoa nywele ambazo hazijaota, ili tu wauone mchezo.

Leo ametia cheupe: Bibi akajikokota, akapindua, akala punje moja. Cheusi: hakugeuka. Halafu Mwalimu akatia kifuniko cha kijivu, ambacho si cheupe wala si cheusi. Akaniambia hapo ndipo penye kipimo. Kijivu ni habari usiyoijua. Mwenye matumaini huenda kukipindua, liwalo na liwe. Aliyekata tamaa hudhani hakuna kitu, hata kabla ya kugusa. Mwaka jana Bibi alikuwa akikipindua kijivu mara moja.

Leo alikiangalia. Alikisogelea kidogo. Akarudi kwenye pembe yake.

Mwalimu akasema kwa upole kwamba asipokula hatufiki naye mwezi ujao. Nilijifanya nanoa wembe ambao haunolewi.

Mke wangu alikuwa ameniletea chakula, amesimama nyuma yetu, ameona yote. Alipokuwa akichukua mataulo ya kufua akaliona furushi nyuma ya kapu. Akaligeuza, akaona fundo, akaniuliza lina nini. Nikamwambia halina kitu cha maana. Akauliza nimejuaje na halijafunguliwa. Nikasema najua tu.

Akaniangalia vile anavyowaangalia watoto wakiwa na homa. Akasema, "Bibi hafunui kifuniko, na wewe hufungui furushi."

Mke wangu ana vichekesho vyake. Samaki na furushi wapi na wapi?

Nilimtuma jambo moja la maana. Aende kwa mdogo wangu, apige soga, halafu kama kwa bahati aulizie kikombe cha Baba. Amerudi akisema mdogo wangu amejibu kwamba kikombe hakiko kwake tena.

Hakiko kwake! Amekiuza! Ama amekigawa! Mke wangu akasema labda amekipeleka kwa mtu anayekihitaji. Nani anakihitaji kuliko mimi? Nimekosa usingizi. Lazima nione rafu zake kwa macho yangu. Ukuta siwezi kuutoboa, ataona unga wa mbao. Lakini chini ya maji nani ataangalia?

Jumanne, 11 Juni

Nimeazima kekee kwa fundi seremala. Nimemwambia nataka kutundika picha. Akauliza picha ya nani. Nikasema ya familia.

Nilisubiri mdogo wangu atoke kwenda kunywa chai. Nikakunja mkono wa shati, nikaizamisha kekee, nikatoboa kibao cheusi tundu la kiasi cha punje ya harage. Kisha nikainama kwenye kioo, nikalenga jicho kwenye tundu, nione upande wa pili.

Jicho lilikuwa linaniangalia!

Nilirukia kiti kitupu. Lilikuwa jicho la Bwana. Alikuwa pale pale nyuma ya kibao, kwenye pembe ile ile, pua imegusa kibao. Sijui amekaa hapo tangu lini. Bila shaka tangu Jumatatu ile.

Halafu Bibi akaliona tundu. Sitalisahau jambo hili. Alisogea taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Akaweka pua kwenye tundu. Bwana akaweka pua yake upande ule. Wakatulia. Na mistari ya Bibi ikaanza kurudi, mmoja mmoja, kuanzia mkiani mpaka shingoni, mbele ya macho yangu. Nikamtilia chakula. Akala chote. Akala kwa haraka, akarudi tunduni.

Mteja niliyekuwa nimemwacha na povu shavuni akaniuliza kama ninalia. Nikasema ni dawa ya nywele, ina ukali.

Kasoro moja. Kikombe sijakiona. Mchana kutwa wamenizibia tundu, huyu upande huu, yule upande ule. Nimelitoboa kwa jasho langu na sina nafasi hata ya kuchungulia! Itabidi nilipanue, pawe na nafasi ya samaki na ya jicho langu.

Alhamisi, 13 Juni

Mkono bado unatetemeka, niandike kabla sijasahau. Ni baridi. Mkono wangu siku hizi hutetemeka kidogo kukiwa na baridi.

Asubuhi nililipanua tundu kwa kisu mpaka likatosha kidole gumba. Nikatoa mkono. Kabla sijainama kuchungulia, Bibi akajirusha kichwa kwanza, aende kwa mumewe. Kichwa kikapita. Tumbo halikupita.

Akakwama! Mbele hawezi, tumbo kubwa. Nyuma hawezi, mashavu yametanuka upande wa pili kama mwavuli mlangoni. Nikimvuta mkia nitamrarua. Bwana upande wa pili anazunguka kama mwendawazimu. Bibi anapiga mkia. Halafu anapiga polepole.

Nikafungua komeo langu. Nikakishika kibao. Halafu nikakumbuka komeo la pili. Wazo langu mwenyewe!

Nikapiga ukuta kwa ngumi na kuita, "Mdogo!" Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu ukuta usimame. Nikamwambia afungue komeo lake, upesi, Bibi anakufa.

Akajibu kutoka nyuma ya mbao, wala hakupaza sauti: "Inua tu, Kaka. La kwangu sikulifunga hata siku moja."

Nikainua. Kibao kikaja chepesi kama karatasi.

Alikuwa ameshatoka kwake na kuingia kwangu, kofia imeanguka njiani. Tukakilaza kibao juu ya karai la kuoshea nywele, Bibi akiwa amening'inia katikati, nusu huku nusu kule. Mdogo wangu akachukua mkasi wa kazi akaanza kukata plastiki kutoka ukingoni kuelekea tunduni. Bibi alikuwa anakauka. Mdogo wangu, macho kwenye mkasi, akaniambia nimmwagie maji kwa kikombe. Nikamwuliza kikombe gani. Akasema cha Baba. Nikamwambia cha Baba si amekiuza!

Akaacha kukata. Akaniangalia. Akasema, "Nilikuwekea mlangoni wiki iliyopita. Wewe ndiwe uliyefundishwa nacho."

Sikumbuki nilivyolifikia kapu la mataulo. Fundo la Baba halifunguki ukiwa na haraka, nikalikata kwa meno. Gazeti likachanika. Bati lile lile, mpini ule ule uliolegea. Nikachota maji ya tangi, nikammwagia Bibi kichwani, mashavuni, nikachota tena, nikamwagia, nikichota na kumwambia Bibi mambo ambayo sitayaandika hapa.

Mkono wa mdogo wangu haukutetemeka hata mara moja. Mkasi ukafika tunduni, plastiki ikafunguka kama kola, na Bibi akaanguka ndani ya kikombe cha Baba. Tukamrudisha tangini kwa kikombe hicho. Alilala ubavu. Bwana akaja chini yake, akamsukuma kwa ubavu wake, mara moja, mara mbili. Akanyooka. Wakaenda pamoja pembeni, hakuna nafasi kati yao.

Mdogo wangu akarudi kwake, tukainama kuangalia, kila mmoja upande wake wa tangi. Bila kibao, maji yamekuwa dirisha. Nikamwona mdogo wangu ndani ya maji, uso umekuwa mpana, nywele zimemsimama pande zote kama kuku aliyenyeshewa. Nadhani naye aliniona mimi, na mtaro wangu. Tulicheka mpaka mteja wake akatoka nje na taulo shingoni kuuliza kama kuna usalama.

Nilimwambia kwamba kuhusu furushi nilikuwa nimeshahisi ni kikombe. Akasema anajua.

Jumapili, 16 Juni

Fundi amekuja kuubomoa ukuta. Amekuja na kapu! La kubebea misumari, kasema. Na bango ameliunganisha. Ameanza na kipande kisicho cha kwanza, sasa linasomeka NA MDOGO KINYOZI KAKA. Mdogo wangu anasema liachwe hivyo hivyo, lina ladha. Nitalifikiria.

Bibi anakula. Mwalimu ametia kifuniko cha kijivu, na Bibi amekipindua kabla mkono haujatoka majini. Yule kijana wa mfuko wa plastiki Mwalimu amempeleka chuoni, kuna majike wengi na karai la mke wangu limepata uhuru.

Alasiri tukafunga. Nikakaa kwanza mimi. Mdogo wangu akaushughulikia mtaro wangu kwa subira, akashusha nywele zote zilingane nao, akachora mstari wa kisogo. Nikauangalia kwa vioo viwili. Umenyooka kama uzi wa fundi.

Kisha akakaa yeye. Nikakoroga povu kwenye kikombe cha Baba. Nikamshika sikio kwa vidole viwili. Kulikuwa na baridi tena mkononi, ingawa jua lilikuwa kali. Nikafika kisogoni. Nikachora mstari, nikarudia, nikarudi nyuma nikautazama.

Umeenda kombo.

Nikampa vioo viwili. Aliuangalia mstari ule muda mrefu, kushoto, kulia. Akaniambia umenyooka. Akasema kuanzia kesho, wateja wenye kutaka mistari ya kisogo atanipunguzia yeye, na mimi nimpunguzie wenye ndevu, kwa sababu povu langu hakuna anayelifikia. Nikakubali. Sikutaka kumnyima nafasi ya kujifunza.

Amevaa mstari ule na kutembea nao mtaani bila kofia.

Jumatano, 26 Juni

Mayai! Bibi ametaga ndani ya kipande cha chungu kilichovunjika kilichomo tangini. Yamebandikwa kwenye paa la ndani, safu kwa safu, kama shanga. Bibi anayapepea kwa mapezi, Bwana analinda mlango. Bibi akichoka hupishana, bila kusukumana. Wateja wamejaa mpaka nje. Hakuna anayenyoa.

Ila jambo moja. Chungu kiko upande wangu. Kibao hakipo, lakini alama yake kwenye kioo ipo, na kwa alama hiyo chungu kiko kushoto, kwangu, isipokuwa ukingo mdogo. Kwa hiyo watoto ni wangu. Sijamwambia mdogo wangu. Ila ukingo ule unanikosesha raha. Kesho nitawahi kabla hajafungua, nikivute chungu kwa upole, kivuke mstari kabisa. Si kwa ubaya. Ni kuweka mambo wazi tu.

Alhamisi, 27 Juni

Nimewahi. Duka lilikuwa na kiza cha alfajiri, sikuwasha taa nisiwashtue samaki. Nikakunja shati, nikazamisha mkono, nikakishika chungu.

Kulikuwa na mkono mwingine!

Nilipiga kelele. Mkono nao ukapiga kelele. Bibi akaning'ata kidole, Bwana akamng'ata mwenye mkono. Taa ilipowaka, kumbe ni mdogo wangu, ameloa mpaka begani, yuko upande wake wa tangi.

Nikamwuliza anatafuta nini kwenye mayai yangu alfajiri yote hii. Akaona haya. Akasema alikuwa anakisukumia chungu upande wangu, kivuke alama, ili watoto wawe wangu bila maneno. Alitaka nikija nikikute hivyo.

Tukafunga vidole vyetu plasta. Mke wangu akatuletea chai, akatuangalia, akacheka, akaondoka bila kuuliza kitu. Mdogo wangu akaenda kufungua mlango, akiimba.

Nimekaa kwenye kiti changu na kidole changu, na nimefikiri vizuri. Mtu anasukuma mayai kwa mwenzake? Bure tu? Alfajiri? Ananichukulia mtoto. Lazima mayai yale yana kasoro.

Kesho nitawahi zaidi. Nitakisukumia chungu chote upande wake.